Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe: Mtu Aliyeandika Kitabu Kimoja Mara Mbili



Kamati ya kijitabu hiki ilipokaa kupanga kurasa, tulikubaliana kwamba pamoja na hesabu za hisa, orodha ya viongozi na picha za wanachama, uwepo pia ukurasa wa maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kututangulia. Wengi wetu walimtaja Siti binti Saad, yule mwimbaji wa Unguja aliyeanza kwa kuuza vyungu. Kusema kweli anastahili. Lakini Bibi Siti ameandikiwa kitabu kizima na Shaaban Robert, na akina mama wa TAMWA wamelipa jarida lao jina lake. Tukaona safari hii tumtazame jirani ambaye watu wengi wa hapa Nyegezi wanapita karibu na kwao bila kumjua. Huyo ni Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mwandishi wa kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Kwa nini mwanamume, na tena mwandishi, katika kijitabu cha akina mama wa kuweka na kukopa? Tutaeleza. Katika kikundi chetu wapo wauza dagaa, wapo mama lishe, wapo wenye genge. Wapo pia wafumaji wa vikapu na mikeka, mafundi wa cherehani, wachora batiki, waimbaji wa kwaya, na mmoja wawili wanaoandika mashairi kwenye daftari na kulificha chini ya godoro. Hao wa mwisho ndio tunaowafikiria hapa. Wanajua kazi, mikono yao ni mizuri, lakini ukiwaambia waitoe kazi yao nje utaona wanarudi nyuma. Mimi nani? Nimesoma wapi? Nani atanunua? Ugonjwa huo wa mimi nani umekula vipaji vingi kando ya ziwa hili kuliko mamba. Sasa tuone mtu mmoja aliyeishi miaka karibu 85, na jinsi alivyofanya kazi yake wakati kila mlango ulikuwa umefungwa.

KUZALIWA NA MALEZI

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Ukerewe. Alikuwa wa ukoo wa Wasilanga, ukoo wa watemi waliotawala kisiwa kile kabla ya Wazungu na hata baada yao. Mtu akisikia ukoo wa watemi atadhani mtoto alilelewa kwa raha. Haikuwa hivyo. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado mdogo sana, na mama akabaki na kazi ya kulea. Mtoto akaja kulelewa katika boma la mtemi Mukaka, ambaye alikuwa ndugu wa ukoo.

Boma la mtemi wakati ule lilikuwa kama shule isiyo na ubao. Wazee walikaa hapo kusimulia nasaba, kuamua kesi, kutaja mila ya mahari, ya mazishi, ya mavuno na ya mvua. Mtoto mwenye masikio alisikia. Kitereza alikuwa na masikio. Mambo aliyoyasikia pale akiwa kijana mdogo ndiyo aliyokuja kuyaweka katika maandishi alipokuwa mtu mzima.

Wakati huohuo mambo mapya yalikuwa yameingia. Wadachi walikuwa wameshika nchi, na Mapadre Weupe walikuwa wamejenga misheni Kagunguli. Kitereza alipelekwa hapo kusoma, na akabatizwa jina la Aniceti. Alionekana ana akili ya darasani, hivyo akavushwa ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. Ni seminari hiyohiyo ambako miaka mingi baadaye alipita Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960. Huko Rubya Kitereza alikaa miaka karibu kumi. Alisoma Kilatini, alisoma Kijerumani, alisoma falsafa na mambo ya dini.

Mwaka 1919 alitoka seminari bila kuwa padre. Hebu tufikiri kidogo hali ya kijana huyo. Ana miaka 23. Amesoma kuliko karibu kila mtu wa kisiwani, lakini lile alilosomea hakulifikia. Na serikali nayo ilikuwa imebadilika: Wadachi wameondoka, Waingereza wameingia, Kijerumani chake hakimfai tena kwa kazi. Watu wengi wangekaa barazani wakahesabu walichopoteza.

NDOA YAKE NA BIBI ANNA

Mwaka huohuo wa 1919 alimwoa Bibi Anna Katura. Tunamtaja Bibi huyu kwa makusudi, kwa sababu vitabu vingi humtaja kwa mstari mmoja tu na kupita. Waliishi pamoja zaidi ya nusu karne. Walipata watoto, lakini watoto hawakuishi. Wakabaki wawili.

Sisi akina mama tunajua neno hilo lina uzito gani kwetu huku. Nyumba isiyo na mtoto husemwa. Mashangazi huja, mawifi huja, na kila mmoja ana ushauri wake, na ushauri wenyewe mara nyingi ni mmoja: mwanamume aongeze mke. Mzee Kitereza hakuongeza mke. Alibaki na Anna wake mpaka uzee. Jambo hilo tuliweke akilini, maana tutalikuta tena ndani ya kitabu.

Kwa maisha ya kila siku alifanya kazi katika biashara ya Waitaliano. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza na Italia ikawa adui wa Waingereza, kazi hiyo ikaisha. Akarudi nyumbani Ukerewe, kwenye misheni ya Kagunguli, akafanya kazi za kalamu na za ukatekista. Kwa mara nyingine tena mlango ulikuwa umefungwa si kwa kosa lake.

KITABU CHA KWANZA, KWA KIKEREWE

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Palikuwa na padre mmoja Mkanada, Almas Simard, wa hao Mapadre Weupe, aliyependa sana mila na lugha za watu wa huku. Padre huyu alimtia moyo Kitereza aandike mambo ya Wakerewe wa zamani, maana wazee walikuwa wanakufa na mambo yanakufa nao. Kitereza aliandika historia, akakusanya ngano na methali. Lakini aliona kwamba orodha ya mila ni kitu kikavu. Mtu ataisoma mara moja na kuisahau. Akaamua kuandika hadithi, hadithi ndefu ya watu wanaokula, wanaolima, wanaogombana, wanaougua na kupona, ili mila ionekane ikitembea kwa miguu yake.

Aliimaliza mwaka 1945. Alikuwa na miaka 49, na aliiandika kwa Kikerewe, lugha aliyonyonya kwa mama yake.

Tusimame hapa kidogo. Nani alimwambia kwamba Kikerewe ni lugha ya kuandikia riwaya? Hakuna. Palikuwa na mfano gani mbele yake? Wanafunzi wa zama zile walifundishwa kwamba vitabu vinatoka Ulaya, na kwamba lugha za nyumbani ni za nyumbani. Kisiwa chenyewe ni kidogo, na waliojua kusoma walikuwa wachache zaidi. Mtu mwenye ugonjwa wa mimi nani asingeandika hata ukurasa mmoja. Yeye aliandika kitabu kizima, kinene, mwanzo hadi mwisho, bila ahadi ya mchapishaji yeyote.

MAMBO YALIYOMO KITABUNI

Kwa wale ambao hawajakisoma, tueleze kwa ufupi, maana ni kitabu kinachotuhusu sana sisi akina mama.

Zamani za kabla ya Wazungu, Ukerewe, alikuwepo mtu jina lake Myombekere, na mkewe Bugonoka. Wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu za mume wanaanza maneno. Bugonoka anatukanwa na kusimangwa, mpaka wazazi wake wanachoka kusikia, wanakuja kumchukua binti yao na kumrudisha kwao. Myombekere anabaki peke yake nyumbani: moto umezimika, ng'ombe hawana wa kuwaangalia vizuri, chakula ni cha kubahatisha. Ndugu zake wanamshauri aoe mwingine. Anakataa. Anafunga safari kwenda kwa wakwe zake kuomba mke wake.

Wakwe hawamrudishii hivihivi. Anatozwa faini ya pombe, pombe ya ndizi, na nyingi. Hapo mwandishi anatueleza kazi ya pombe hiyo hatua kwa hatua: ndizi, kuivisha, kukamua, kuchachusha, mitungi, wabebaji, njia. Msomaji wa haraka anaweza kuona kurasa hizo ni ndefu. Lakini mwenye kusoma kwa utulivu anaona kwamba urefu ule ndio mapenzi yenyewe. Mwanamume yule anafanya kazi ngumu siku baada ya siku ili mkewe arudi.

Bugonoka anarudi. Wanakwenda kwa mganga, Kibuguma, na matibabu yanachukua muda wake. Hatimaye wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Sehemu ya pili ya kitabu inawafuata watoto hao wakikua, wakiugua, wakioa na kuolewa, mpaka wazee wanazeeka na kufariki. Njiani humo msomaji anajifunza jinsi Wakerewe walivyolima, walivyovua, walivyochonga mitumbwi, walivyotibu homa, walivyozika na walivyogawana urithi.

Mtaona, wanachama wenzetu, kwamba nyumba ya Kitereza na Anna haikupewa kile walichopewa Myombekere na Bugonoka. Hatuwezi kuingia moyoni mwa marehemu. Lakini tunaweza kusema hivi: mtu huyu alichukua jambo ambalo jamii ililiona kuwa aibu ya nyumba, akalifanya kuwa kiini cha kazi kubwa ya maisha yake. Na katika kitabu kizima hakumtupia mwanamke lawama.

MIAKA YA KUNGOJA

Kitabu kimeisha mwaka 1945. Je, nini kikafuata? Kikakaa.

Mchapishaji wa vitabu ni mfanyabiashara kama wengine. Kabla hajapiga chapa anahesabu wasomaji, kama vile muuza dagaa anavyohesabu wateja kabla ya kwenda mwaloni. Wasomaji wa Kikerewe walikuwa wangapi? Wachache mno. Karatasi ni gharama, mtambo ni gharama, kusafirisha ni gharama. Hakuna aliyekubali. Padre Simard alijaribu njia nyingine: alianza kukitafsiri kwa Kifaransa, ili labda kipate wasomaji ng'ambo. Lakini naye alifariki kabla ya kumaliza. Tumaini hilo likaenda naye kaburini.

Uhuru ukaja mwaka 1961. Kiswahili kikawa lugha ya taifa, lugha ya shule za msingi, ya mikutano na ya magazeti. Lilikuwa jambo jema lililotuunganisha Watanzania wa makabila zaidi ya mia moja. Lakini kwa mswada wa Kikerewe uliokuwa ndani ya sanduku pale Kagunguli, mlango ulizidi kuwa mdogo. Ilikuwa wazi sasa kwamba kitabu hicho kwa Kikerewe hakitachapwa.

Hapa ndipo watu wengi huishia. Na wakiishia hapa wana sababu nzuri kabisa, hakuna atakayewalaumu. Umefanya kazi, umebisha hodi, hukufunguliwa, umezeeka. Kaa upumzike.

KUANDIKA UPYA, KWA KISWAHILI

Mzee Kitereza hakupumzika. Alikaa chini akaanza kukiandika kitabu chote upya kwa Kiswahili, yeye mwenyewe, kwa mkono wake.

Hebu jamani tuipime kazi hiyo. Mswada ni mkubwa, kurasa mamia. Kiswahili si lugha yake ya kwanza. Alikisoma kama alivyosoma lugha nyingine. Katika Kikerewe kuna maneno ya vifaa vya mtumbwi, ya aina za ndizi, ya hatua za ugonjwa, ya namna ya kumsalimu mkwe, ambayo Kiswahili cha pwani hakina. Kila neno lilimtaka atafute namna ya kulisema. Pengine alilazimika kulieleza kwa maneno kumi. Ndiyo maana Kiswahili cha kitabu kile kina ladha yake. Anayekisoma anasikia kabisa kwamba ni mzee wa Ukerewe anayezungumza, si mtu wa Tanga wala wa Unguja. Wengine wangeliona hilo kuwa kasoro. Sisi tunaona ndiyo utamu wake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 walifika Ukerewe Wamarekani wawili, Gerald Hartwig na mkewe Charlotte. Bwana alikuwa anafanya utafiti wa historia ya Wakerewe na biashara yao ya zamani. Walikutana na Mzee, wakaona kazi yake, wakaanza kumsaidia kutafuta mchapishaji. Tafsiri ya Kiswahili ilikamilika mwaka 1969. Mzee alikuwa na miaka 73. Tangu amalize kitabu cha kwanza ilikuwa imepita miaka 24.

Na bado haikuwa mwisho wa kungoja. Ilichukua miaka mingine kumi na zaidi mpaka Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam ilipokitoa mwaka 1980. Shirika hilo la umma wakati ule lilikuwa chini ya uongozi wa Bwana Walter Bgoya. Tangu 1945 hadi 1980 ni miaka 35. Mtoto aliyezaliwa siku kitabu kilipomalizika angekuwa ameshakuwa mzazi.

MWISHO WAKE

Mzee Aniceti Kitereza alifariki mwaka 1981 huko Ukerewe, akiwa mtu maskini. Kitabu kilikuwa kimeshapigwa chapa, lakini nakala zilikuwa bado njiani. Zilipofika kisiwani, mwenyewe hakuwepo. Hakukishika mkononi.

Tulipokuwa tunasoma habari hizi katika kamati, mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo lilitunyamazisha wote: sasa faida yake nini? Kama mtu anahangaika miaka 35 na anakufa maskini bila kuona jalada la kitabu chake, tunamwambiaje mwanachama wetu mwenye kipaji, kwamba naye afanye hivyo?

Ni swali la haki, na hatutaki kulikwepa kwa maneno matamu. Mzee hakulipwa inavyostahili. Hilo ni deni la jamii, wala tusilipambe. Sisi tunaoweka na kukopa tunajua kwamba mtu anakula chakula, hali sifa. Ni kweli pia kwamba kitabu chenyewe hakikufa. Mjerumani mmoja bingwa wa lugha za Kiafrika, Wilhelm Möhlig, alikitafsiri kwa Kijerumani, kikatoka katika sehemu mbili, mwaka 1991 na mwaka 1993. Kikatoka pia kwa Kifaransa, kama Padre Simard alivyotaka tangu zamani. Na mwaka 2002 kilitoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Profesa Gabriel Ruhumbika, naye pia mwandishi na mzaliwa wa Ukerewe. Kilichapishwa na Mkuki na Nyota, kampuni aliyoianzisha yuleyule Bwana Bgoya baada ya kutoka Tanzania Publishing House. Leo mtu aliye Berlin anaweza kusoma jinsi pombe ya ndizi inavyopikwa Ukerewe. Aliyetengeneza nafasi hiyo ni mzee mmoja wa Kagunguli ambaye hakuna aliyemwagiza.

MAMBO TUNAYOJIFUNZA

Kwanza, kazi hutangulia ruhusa. Mzee hakungoja aambiwe kwamba yeye ni mwandishi ndipo aandike. Aliandika, na kwa kuandika akawa mwandishi. Dada anayechora batiki kwa siri hapa Nyegezi asingoje siku mtu atakapomwita msanii. Achore kumi, azitundike. Mgema halewi kwa kutazama mnazi.

Pili, mlango mmoja ukigoma, tazama kama kuna upande mwingine ambao ufunguo wake unao wewe. Mzee hakuweza kuwalazimisha wachapishaji wapende Kikerewe. Hilo halikuwa mikononi mwake. Lakini kukitafsiri kwa Kiswahili kulikuwa mikononi mwake. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ni kubwa. Mtu mwenye mashaka hutazama lile asiloliweza peke yake, akakata tamaa ya yote. Fundi wa cherehani ambaye hana fedha za kupanga fremu stendi hawezi kuumba fremu. Lakini anaweza kushona sare za kwaya nyumbani kwake, na watu thelathini wakavaa tangazo lake Jumapili nzima.

Tatu, kujitengenezea nafasi hakuna maana ya kufanya peke yako. Tumemtaja Padre Simard, tumewataja akina Hartwig, Bwana Bgoya na Profesa Ruhumbika. Na kabla yao wote alikuwepo Bibi Anna, aliyeishi na mtu wa kalamu miaka yote ile ya njaa na ya kungoja. Ila tazameni vizuri: kila aliyekuja kusaidia alikuta kitu kipo tayari mezani. Akina Hartwig hawakukuta mtu mwenye wazo zuri. Walikuta mtu mwenye mswada. Msaada una tabia ya kushika kitu kinachoshikika.

Nne, na hili ni letu kama kikundi. Kama Kitereza angekuwa mwanachama wetu, tungemkopesha? Tujiulize kwa dhati. Mkopo wa dagaa unazunguka haraka: mtu ananunua leo, anaanika, anauza, na mwezi haujaisha marejesho yameingia kwenye sanduku. Kazi ya sanaa haiendi hivyo. Mkeka mzuri unachukua wiki kadhaa. Batiki inataka nguo, nta, rangi na kukosea mara tatu. Mwimbaji anataka kurekodi kabla hajapata hata senti moja. Masharti ya miezi mitatu yanamfaa muuza dagaa, lakini yanamkaba fundi.

Ndiyo maana katika mkutano mkuu wa sherehe hizi kutakuwa na pendekezo mbele yenu, la kutenga sehemu ndogo ya mfuko kwa ajili ya kazi za mikono na sanaa, kwa masharti ya muda mrefu zaidi, na mwombaji awe na kazi ya kuonyesha, si wazo tupu. Wapo wanaolipinga, na hoja zao ni nzito: fedha ni za wote, na anayeshindwa kurejesha anawaumiza wenzake. Msikilizeni kila mmoja. Sisi wa kamati ya kijitabu tunaliunga mkono, na maisha ya Mzee huyu ndiyo sababu mojawapo. Miaka 35 aliyongoja haikuwa lazima iwe 35. Sehemu ya miaka hiyo ilipotea kwa sababu hapakuwa na watu wa kwao waliokaa pamoja wakasema, tumchangie mwenzetu.

Mwisho, tunawaomba wale wanaoficha daftari chini ya godoro walitoe. Wasipoweza kulionyesha kwa watu wengi, wamwonyeshe mwanachama mmoja wanayemwamini. Na wale mnaosafiri kwenda Ukerewe kuzika au kuoza, mkishuka Nansio mkapanda gari la kuelekea Kagunguli, kumbukeni kwamba hapo aliishi mtu aliyefanya kazi yake mara mbili kwa sababu mara ya kwanza haikutosha.

Mungu amrehemu Mzee Aniceti na Bibi Anna. Na sisi atujalie miaka kumi mingine ya kushikana mikono.

Kwa niaba ya wanachama wote,
Kamati ya Kijitabu, Nyegezi.